Nani Anafutiwa? Sintaksia Kongwe ya Mteja katika Amri za Kusasisha na Kufuta Hifadhidata

Ikisiri

Makala haya yanachunguza badiliko moja la sintaksia katika lugha ya programu iitwayo ABAP, ambapo kirai CLIENT SPECIFIED kimetangazwa kuwa kikongwe katika amri za kusasisha na kufuta data, na nafasi yake ikachukuliwa na USING CLIENT. Hoja ya makala ni kwamba badiliko hilo linahusu maana zaidi ya umbo, na kwamba zana za kawaida za isimu, hasa uchanganuzi wa kinachotajwa na kinachodokezwa, zinatosha kulifafanua kwa Kiswahili. Mifano imejengwa juu ya Jomvu Kuu, katika bara la Mombasa. Mwishoni inapendekezwa kuwa istilahi "mteja", ambayo ndiyo tafsiri inayokuja haraka, iachwe na badala yake itumiwe "mpangaji".

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la majina ya vitu. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany alipendekeza tarakilishi kwa kuunganisha tarakimu na akili. Wengine wakashikilia kompyuta, na wengine ngamizi. Mwezi Desemba 2004, mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi hizi zilikuwa na manufaa makubwa. Hata hivyo, zilihusu zaidi maneno yanayoonekana kwenye skrini ya mtumiaji. Sintaksia ya lugha ambazo kwazo programu zenyewe huandikwa haikuguswa sana, kana kwamba hilo ni eneo la wahandisi peke yao.

Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Kosa kubwa linaloweza kutokea katika amri ya kufuta data mara nyingi ni kosa la kisemantiki: amri imeandikwa sawasawa, kompyuta imeielewa na kuitekeleza, lakini imegusa watu ambao mwandishi hakuwakusudia. Kosa la namna hiyo mwanafunzi wa isimu amefunzwa kulitambua, hata kama hajawahi kuandika programu.

2.0 Usuli: Nyumba Moja, Wapangaji Wengi

Kampuni ya SAP iliasisiwa nchini Ujerumani mwaka 1972. Mifumo yake hutumiwa na mashirika makubwa duniani kuendesha hesabu, mishahara, ununuzi na maghala. Programu nyingi za mifumo hiyo zimeandikwa kwa ABAP, lugha iliyobuniwa na kampuni hiyo hiyo.

Sifa mojawapo ya mfumo wa SAP ni kwamba usakinishaji mmoja unaweza kuhifadhi data za sehemu kadhaa zinazojitegemea. Kwa Kijerumani kila sehemu huitwa Mandant, na katika amri za ABAP hutajwa kwa neno CLIENT. Sehemu hizo hutambulishwa kwa nambari ya tarakimu tatu na huorodheshwa katika jedwali liitwalo T000. Shirika linaweza kwa mfano kutenga nambari 100 kwa kazi halisi na nambari 200 kwa mafunzo ya wafanyakazi wapya. Jedwali ni moja, lakini kila safu mlalo ina alama ya mwenyewe, iliyowekwa katika safu wima ambayo aghalabu huitwa MANDT.

Mfano ulio karibu na msomaji wa pwani ni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa kati na vyumba vya kupangisha pande mbili. Paa ni moja na mlango wa mbele ni mmoja, lakini kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake. Anapoambiwa "fagia chumba", hahitaji kuelezwa ni chumba kipi.

Mfumo nao hufanya kazi hivyo. Mtumiaji aliyeingia kwa nambari 100 akitoa amri ya kufuta, mfumo huongeza wenyewe sharti kwamba zifutwe safu za mpangaji 100 tu. Sharti hilo halionekani katika maandishi ya programu, ila lipo na linafanya kazi. Katika makala haya litaitwa sharti fiche.

3.0 Kinachotajwa na Kinachodokezwa

Sharti fiche si jambo geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Kitenzi cha kuamrisha, "futa", hakina kiambishi cha nafsi, lakini kila msikizi anajua kwamba mtenda ni "wewe". Akikusudiwa zaidi ya mmoja, lugha hulazimisha alama: "futeni". Umoja ndio hali ya kawaida isiyohitaji kutajwa. Wingi ndio unaotajwa.

Mahali nako hufichwa vivyo hivyo. Mkaazi wa Jomvu Kuu akisema anakwenda mjini, jirani yake hufahamu kuwa anavuka kuingia kisiwani Mombasa. Mkaazi wa shamba Unguja akitamka sentensi hiyo hiyo, hakuna atakayedhani kuwa anapanda jahazi kuja Mombasa. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni mazingira yanayojaza pengo.

Lahaja pia huwa sharti fiche. Katika Kimvita, "ndoo" ni mwito wa kumtaka mtu aje, kama vile "ndia" ilivyo njia na "ndaa" ilivyo njaa. Kijomvu, ambacho wanaisimu hukiweka pamoja na Kimvita na Kingare katika kundi la lahaja za Mombasa, husikika katika mazingira hayo hayo. Mgeni kutoka bara akiitwa "ndoo" anaweza kwenda kutafuta chombo cha kutekea maji. Wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili na hakuna aliyekosea sarufi yake. Kila mmoja amelijaza pengo kwa kaida ya kwao.

Funzo la mifano hii ni kwamba sharti fiche hurahisisha mawasiliano pale tu ambapo pande zote zinalijua. Likiondolewa bila jingine kuwekwa mahali pake, sentensi hubaki sahihi kisarufi ilhali maana yake imepanuka kupita kiasi.

4.0 Sintaksia Kongwe na Hatari Yake

Hadi uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2013, Jomvu Kuu ilikuwa ndani ya eneobunge la Changamwe. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza idadi ya maeneobunge nchini kutoka 210 hadi 290, na kuanzia uchaguzi huo Jomvu likawa eneobunge linalojitegemea, lenye wadi za Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani. Badiliko kama hilo hulazimisha taasisi nyingi kurekebisha kumbukumbu zao. Kwa ajili ya somo hili, na ichukuliwe taasisi ya kubuni yenye jedwali liitwalo ZWAKAAZI, ambamo mpangaji 100 ana data halisi na mpangaji 200 ana nakala za mafunzo. Amri ya kusasisha ingeandikwa hivi:

UPDATE zwakaazi SET eneobunge = 'JOMVU' WHERE wadi = 'JOMVU KUU'.

Amri hii ina kitenzi, yambwa, badiliko linalotakiwa, na kishazi cha sharti kinachoanza kwa WHERE. Mpangaji hakutajwa. Mtumiaji akiwa ameingia kwa nambari 100, basi safu za 100 ndizo zitakazosasishwa, na nakala za mafunzo hazitaguswa.

Tatizo huanza pale programu inapotaka kugusa data za mpangaji mwingine. Njia ya zamani ni kuongeza kirai CLIENT SPECIFIED, ambacho hulizima sharti fiche. Kuanzia hapo mwandishi huwajibika kumtaja mpangaji mwenyewe ndani ya kishazi cha sharti:

DELETE FROM zwakaazi CLIENT SPECIFIED WHERE mandt = '200' AND wadi = 'JOMVU KUU'.

Amri hii inafuta nakala za mafunzo za Jomvu Kuu na kuziacha data halisi. Sasa maneno machache yakisahauliwa:

DELETE FROM zwakaazi CLIENT SPECIFIED WHERE wadi = 'JOMVU KUU'.

Kisintaksia amri haina ila, na kompyuta itaitekeleza. Kimaana, imewafuta wakaazi wote wa Jomvu Kuu kwa wapangaji wote, wa mafunzo na wa kweli. Mzee aliyezaliwa hapo na kuandikishwa kwa jina lake halali atafika dirishani siku ya pili na kuambiwa kwamba hayumo. Hakuna aliyemkusudia, wala jina lake halikutajwa popote katika amri. Ameondoka kwa sababu ya neno ambalo halikuandikwa.

Tazama pia jinsi kirai chenyewe kinavyopotosha. Maana yake ya juu juu ni kwamba mteja ametajwa. Kazi yake halisi ni kutangaza kuwa mfumo hautamtaja mteja tena kwa niaba ya mwandishi. Yaani kirai kinadai kuwa kitu kimefanyika, ilhali kinachofanyika ni kuondolewa kwa ulinzi. Waswahili wana jina la ufunguo unaofungua kila chumba: ufunguo malaya. CLIENT SPECIFIED ndio ufunguo huo, ila umepakwa rangi ya ufunguo wa chumba kimoja.

Kwamba utata wa mahali huleta hasara si nadharia tupu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Huduma ilisimama, na data za hifadhidata za muda wa takriban saa 6 zikapotea. Tukio hilo halikuhusu ABAP, lakini kiini chake ni kile kile: amri sahihi, mahali pasipo penyewe.

5.0 Sintaksia Mpya na Njia ya Kubadilisha

Katika sintaksia mpya sharti fiche halizimwi. Linaelekezwa kwingine:

DELETE FROM zwakaazi USING CLIENT '200' WHERE wadi = 'JOMVU KUU'.

UPDATE zwakaazi USING CLIENT '100' SET eneobunge = 'JOMVU' WHERE wadi = 'JOMVU KUU'.

Hapa mfumo bado unaongeza sharti wenyewe, ila kwa nambari iliyotajwa badala ya nambari ya mtumiaji aliyeingia. Mpangaji ametoka katika kishazi cha sharti na kuwa kijalizo kando ya yambwa. Matokeo ya kusahau nayo yamegeuka. Mwandishi wa zamani aliyesahau kumtaja mpangaji aligusa wote. Mwandishi wa sasa akisahau kirai chote, atagusa data za mpangaji wake tu. Anayetaka kweli kugusa wote hana budi, katika matoleo ya karibuni ya lugha, kuandika USING ALL CLIENTS. Wingi umepewa alama yake, kama "futeni" mbele ya "futa".

Kazi ya kubadilisha programu za zamani haiwezi kufanywa kwa kutafuta neno na kuweka jingine. Kila amri inahitaji kusomwa na kuwekwa katika kundi lake:

(a) Kishazi kinamtaja mpangaji yule yule aliyeingia, kwa kutumia thamani ya mfumo sy-mandt. Hapa CLIENT SPECIFIED ilikuwa ziada. Ondoa kirai na uondoe sharti la mpangaji. Sharti fiche litafanya kazi hiyo.

(b) Kishazi kinamtaja mpangaji mmoja mwingine. Mtoe kwenye kishazi na umweke baada ya USING CLIENT.

(c) Kishazi kinataja wapangaji kadhaa. Hapa kuna USING CLIENTS IN, ambayo hupokea orodha.

(d) Amri inachukua data kutoka eneo la kazi au jedwali la ndani lenye safu ya mpangaji. Katika sintaksia kongwe nambari iliyo ndani ya safu hiyo ilifuatwa. Katika sintaksia mpya haifuatwi. Nambari iliyotajwa katika USING CLIENT ndiyo yenye nguvu. Jedwali la ndani likiwa limechanganya wapangaji, yapasa data zigawanywe kwanza, kisha amri itolewe kwa kila mpangaji peke yake.

(e) Kishazi hakimtaji mpangaji kabisa. Kundi hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu maandishi hayasemi kama mwandishi alikusudia wote au alisahau. Hapa lazima itafutwe nia yake: aulizwe yeye, au wasomwe maelezo ya programu, au wahojiwe wanaoitumia.

Mhakiki wa fasihi ataitambua hali ya kundi (e). Nakala mbili za utenzi zikitofautiana kwa neno moja, mhariri hawezi kuamua kwa kuhesabu mizani peke yake. Hurejea muktadha, mtunzi na hadhira. Kazi ya kusahihisha programu kongwe ina uhariri wa aina hiyo ndani yake.

Umuhimu wa zoezi hili umeongezeka kwa sababu ya kalenda. Mwezi Februari 2020 SAP ilitangaza kwamba matunzo ya kawaida ya mfumo wake wa kizazi kilichopita yangeendelea hadi mwisho wa mwaka 2027. Mashirika yanayohamia mfumo mpya hulazimika kuzipitia programu zilizoandikwa miaka mingi iliyopita, nyingine na watu waliokwisha staafu.

6.0 Istilahi: "Mteja" au "Mpangaji"?

Atakayeandika somo hili kwa Kiswahili atashawishika kutafsiri CLIENT kuwa "mteja". Kuna sababu tatu za kusita.

Kwanza, maana ya kawaida ya mteja ni mnunuzi au mtu anayehudumiwa. Mfumo wa SAP una majedwali ya wateja wa aina hiyo, yaani watu wanaouziwa bidhaa. Sentensi "futa data za mteja 200" itakuwa na maana mbili, na moja kati ya hizo ni ya hatari.

Pili, neno hili limebeba mizigo mingi nchini Kenya. Tangazo la simu kwamba mteja hapatikani limezaa msemo wa mtaani kuwa fulani "yuko mteja", yaani simu yake haipatikani. Katika miji ya pwani, "teja" na "mateja" ni majina ya walioathiriwa na dawa za kulevya. Mhadhiri atakayezungumzia kufutwa kwa wateja mbele ya darasa la Mombasa atasikia kicheko kabla ya kufika kwenye hoja.

Tatu, "mteja" haibebi wazo la msingi la dhana hii, ambalo ni kukaa pamoja chini ya paa moja bila kuchanganyika. "Mpangaji" inalibeba. Inatoa pia mnyambuliko unaofaa: mpangaji, upangaji, pangisha. Pingamizi moja ni kwamba mpangaji huweza kumaanisha pia anayepanga mambo, na wengine humwita mwandishi wa programu mpangaji programu. Utata huo unaondoka iwapo mwandishi wa programu ataitwa mwanaprogramu.

7.0 Ukongwe ni Nini?

Neno "kongwe" limetumiwa hapa kwa makusudi badala ya "lililofutwa". Umbo linapotangazwa kuwa kongwe katika ABAP, programu za zamani zinazolitumia haziachi kufanya kazi papo hapo. Umbo huachwa lieleweke, ila wanaoandika upya wanashauriwa kutolitumia.

Historia ya Kiswahili ina mfano wa karibu. Mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mji ambao lahaja yake ndiyo iliyoachwa. Kimvita hakikufa kwa sababu hiyo. Tungo za Muyaka bin Haji zinaendelea kusomwa vyuoni, na umbo la kale kama "alele", kwa maana ya amelala, bado linafahamika kwa msomaji wa ushairi wa kaskazini hata kama halimo katika vitabu vya sarufi vya shule.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Umbo la lahaja halina hatari; linamtambulisha msemaji na kuhifadhi historia yake, na kuliita kongwe ni uamuzi wa kijamii unaoweza kupingwa. CLIENT SPECIFIED imeitwa kongwe kwa sababu ya madhara yanayoweza kupimwa. Mwanafunzi asichukue hoja ya mhandisi na kuitumia kuibeza lahaja ya Jomvu Kuu, wala asichukue hoja ya mtetezi wa lahaja na kuitumia kulinda amri inayoweza kufuta kijiji.

8.0 Zoezi

Badilisha amri zifuatazo kwa sintaksia mpya, kisha ueleze kundi la kila moja.

(i) UPDATE zwakaazi CLIENT SPECIFIED SET eneobunge = 'JOMVU' WHERE mandt = sy-mandt AND wadi = 'MIRITINI'.

(ii) DELETE FROM zwakaazi CLIENT SPECIFIED WHERE mandt = '200' AND wadi = 'MIKINDANI'.

(iii) DELETE FROM zwakaazi CLIENT SPECIFIED WHERE wadi = 'JOMVU KUU'.

Amri ya kwanza ni ya kundi (a): kirai na sharti la mpangaji huondolewa vyote viwili. Ya pili ni ya kundi (b): nambari 200 huhamia baada ya USING CLIENT. Ya tatu haina jibu la kisarufi. Mwanafunzi atakayeandika USING ALL CLIENTS bila kuuliza amehifadhi tabia ya amri, na pengine amehifadhi kosa. Atakayeondoa kirai amechagua usalama, na pengine ameacha kazi nusu. Jibu linalostahili alama zote ni swali: aliyeiandika alikusudia nani?

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba tofauti kati ya CLIENT SPECIFIED na USING CLIENT ni tofauti ya mahali ambapo wajibu wa kutaja umewekwa. Sintaksia kongwe iliuondoa ulinzi na kumwachia mwandishi kumbukumbu yake. Sintaksia mpya inaubakisha ulinzi na kumtaka mwandishi aseme waziwazi anapotaka kuvuka mpaka. Dhana za kutajwa na kudokezwa, kishazi cha sharti, alama ya wingi na utata wa istilahi zimetosha kulieleza jambo hili bila kuazima maelezo ya lugha nyingine.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na idara za sayansi ya kompyuta katika kuandaa masomo mafupi ya aina hii, na kwamba vyama vya wanafunzi vijadili istilahi "mpangaji" kabla "mteja" haijazoeleka kiasi cha kutong'oleka. Rejista za wakaazi, mishahara na ardhi zinaendelea kuhamia katika hifadhidata. Lugha inayozungumzwa na watu walioandikwa humo inafaa iwe na uwezo wa kueleza ni nani anayesasishwa na ni nani anayefutwa.